Daftari la Kelele

Karandinga la kwenda mahakamani lilikuwa liondoke saa tisa alasiri, na Mkuu wa Kituo alishaamua nani apandishwe. Ijumaa ile, saa nne asubuhi, alilitupa jalada juu ya meza ya Inspekta.

"Fundi Miti. Mauaji. Tia sahihi, tumalize wiki."

Inspekta hakuigusa kalamu. Pale kituoni walimwita Tena, maana hakuna shahidi aliyewahi kumsimulia jambo mara moja akaachiwa aende zake. "Hebu tena," angesema, na mtu angeanza upya, na upya, mpaka uongo wenyewe ukachoka ukakaa chini. Wenzake walimcheka kwa tabia hiyo. Waliopita mikononi mwake hawakucheka.

"Nina mpaka saa tisa," alisema.

"Una mpaka saa tisa ya kutia sahihi, si ya kutalii. Shahidi tunaye, ngazi tunayo, vitisho vilitolewa mbele ya watu ishirini. Unataka nini tena?"

"Hilo hilo, mkuu. Tena."

Mkuu wa Kituo alitoka akaubamiza mlango.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumatano asubuhi mzee mmoja mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Kasuku, alikutwa amekufa juu ya turubai, chini ya mkaratusi uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Shingo ilikuwa imevunjika, na ngazi imelala kando yake. Miguu ya ngazi ilikuwa imekwaruza ardhi urefu wa hatua nzima, kwa hiyo haikuteleza, ilivutwa. Daktari alisema alikufa Jumanne jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja. Ngazi ilikuwa ya Fundi Miti, mkata miti aliyekodiwa na kamati ya mtaa.

Na kisa cha yote ni ndege. Mkaratusi ule ulilaza kasuku zaidi ya mia mbili, wa kijani, mdomo mwekundu, mkia mrefu. Si ndege wa nchi hii. Miaka ishirini nyuma mfanyabiashara mmoja alikuwa na mabanda yao, mvua ikayabomoa, wakatoka. Watu wakasema baridi ya mwezi wa saba itawamaliza. Baridi ikaja, ikapita, na wao wakazaana. Walitoka alfajiri kwa makelele, wakarudi jioni kwa makelele zaidi, wakachafua magari, nguo na majina ya watu. Baba Kasuku aliwalisha na kuwatundikia masanduku ya viota, basi mtaa ukamchukia yeye kwa kuwa ndege hawashtakiki.

Fundi Miti alikuwa ameketi sakafuni mahabusu, mgongo ukutani. Hakuinuka Inspekta alipoingia na Sajini.

"Sina la kuongeza," alisema. "Nilishasema, mkacheka."

"Mimi sikuwepo walipocheka. Hebu tena."

"Mzee alikubali mti ukatwe. Jumatatu alinipigia simu mwenyewe."

Sajini alicheka kupitia puani. Fundi Miti akamwonyesha kidole. "Huyo ndiye aliyecheka."

"Sajini, nenda nje kama una mafua," Inspekta alisema. Kisha akamrudia Fundi Miti. "Mtu aliyewatunza ndege miaka ishirini akubali tu, hivi hivi?"

"Niliugonga mti. Kwa kisogo cha shoka, siku ile tuliyogombana. Mti mzima unajibu ko, ko. Ule ulijibu kama pipa tupu. Nikamwambia mzee umeoza ndani na umeinama. Akanitukana, akaniita kibaraka wa kamati. Hapo ndipo nikasema nitamshusha yeye na mti wake. Nilikuwa na hasira, sikatai. Halafu siku tano baadaye simu ikalia, sauti imeshuka, anasema njoo, ila kamati usiiambie kwanza."

"Ukaenda Jumanne."

"Saa nane. Kufunga kanda."

"Kanda gani?"

Fundi Miti alimtazama kama anayeulizwa maji ni nini. "Mti wenye ndege waliolala huukati hivi hivi, hata jua likitoka wengi hubaki matawini. Ukiwasha msumeno wanatoka wote kwa pamoja, wanakuja usoni, nawe uko juu. Mwenzangu alianguka hivyo, mpaka leo anachechemea. Kwa hiyo siku moja kabla unafunga kanda za kaseti zile za zamani kwenye matawi. Upepo ukipita zinavuma na kumetameta, ndege hatui. Analala kwingine, asubuhi unakata."

"Ulifunga wewe?"

"Za juu mimi. Za chini mzee alizikatalia. Alisema, hawa nimewalisha mimi, kuwafukuza nifukuze mimi. Kabla ya saa kumi nikamwachia ngazi, akaificha bintiye asiione, nikaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Nyumbani. Kulala. Peke yangu. Ndiyo maana niko hapa na si kwingine."

Nje ya mahabusu Sajini alijitetea kabla hajaulizwa. "Afande, mambo ya kaseti hata mimi ningeyatunga."

"Mfukoni mwa marehemu kulikutwa nini?"

Sajini alifungua orodha. Leso, miwani, funguo, kisha akapunguza sauti: "Takataka za plastiki, nyembamba, rangi ya kahawia."

"Nani aliandika takataka?"

Mwandiko ulikuwa wake.

Binti wa marehemu aliwafungulia lango la nyuma bila kuwakaribisha. Alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hajalala tangu Jumatano. "Mmeniletea turubai langu?" aliuliza.

"Bado ni kielelezo, dada. Pole na msiba."

"Pole nimezichoka. Ninyi mnaye muuaji, mnakuja kuniuliza nini?"

Inspekta alimwomba aeleze habari za turubai. Hebu tena, alisema, hata kama alishawaeleza polisi wa kwanza. Binti akapumua kwa nguvu. Kila siku saa kumi, kabla ya kwenda kazini, alitandika turubai safi chini ya mti. Kila asubuhi akirudi aliliosha. "Miaka sita. Unajua kinyesi cha ndege mia mbili kwa usiku mmoja? Nimeosha wagonjwa, nimeosha maiti, sijawahi kuona uchafu kama ule. Nilimwambia baba siku moja nitauchoma moto mti huu. Akanuna wiki nzima."

"Jumanne ulilitandika?"

"Nililitandika, nimetoka tu kulala. Baba alikuwa ndani, akaniambia niwahi kazini, leo nimwonyeshe mgongo tu. Hakupenda nimwone. Nikadhani ana mambo yake ya uzee." Alikaza midomo. "Asubuhi nikamkuta juu yake."

Inspekta alinyosha mkono, Sajini akampa picha zilizopigwa Jumatano saa moja na robo asubuhi. Alizipanga juu ya ukingo wa karo la kufulia. Turubai la bluu, mwili, damu kidogo karibu na kichwa. Mengine yote yalikuwa bluu tupu.

"Angalia vizuri, dada. Uchafu uko wapi?"

Binti aliangalia picha ya kwanza, ya pili, akairudia ya kwanza. Ukali ulimtoka usoni kidogo kidogo. "Haiwezekani," alisema. "Majirani wanasema ndege wameondoka kwa ajili ya msiba, tangu Jumatano hawajaonekana."

"Waliondoka kabla. Usiku wa Jumanne hapakulala ndege hapa."

Kisha Inspekta alivua viatu. Sajini alishika ngazi ya jirani, akiomba kwa sauti ya chini Mkuu wa Kituo asipite barabarani wakati huo, na mwanamke yule wa miaka hamsini na mbili akapanda mkaratusi kwa soksi. Kanda zilikuwepo, nyembamba kiasi cha kutoonekana kutoka chini, zikivuma kwa upepo mdogo. Za juu zilikuwa zimefungwa fundo gumu la mtu wa kazi. Za chini, tano, zilikuwa na fundo jingine. Aliikata moja akashuka nayo.

"Kitanzi na masikio mawili," Sajini alisema. "Hivi wanavyofunga viatu."

"Baba alifunga kila kitu hivyo," Binti alisema. "Magunia, vifurushi, hata pazia." Alikalia ndoo iliyopinduliwa. "Basi alikuwa anawafukuza. Mimi nimemgombeza miaka sita, na siku anawafukuza hakuniambia."

Akalia, kwa hasira, akiwapa kisogo. Inspekta alimwacha alie.

Njiani Sajini alisema lililomkaa kooni. "Afande, tumethibitisha kanda. Lakini mtu anaweza kufunga kanda saa nane akarudi saa kumi na mbili kuvuta ngazi."

"Anaweza. Ni nani anayesema alirudi?"

"Mwenyekiti wa kamati, jirani wa ukuta mmoja. Alisikia ugomvi, akamwona Fundi akiruka ukuta. Ana daftari."

"Twende kwenye daftari."

Saa ya Inspekta ilisema saa saba na dakika kumi.

Mwenyekiti alikuwa mpima ardhi mstaafu, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Aliwapokea kwenye roshani ya nyuma. Palikuwa na meza, kiti kimoja, darubini, na madaftari kumi na moja yamepangwa kwa namba. Hakutoa viti vingine.

"Nilidhani leo mnampeleka mahakamani," alisema.

"Saa tisa, mzee. Nimebakiwa na mambo madogo tu. Hayo ndiyo madaftari?"

"Miaka sita. Kila asubuhi na kila jioni, saa, idadi na muda wa kelele. Nimepeleka nakala kila ofisi unayoijua. Nimejibiwa na ofisi moja, wakasema nivumilie." Alitabasamu bila furaha. "Nimeishi kwa kupima, Inspekta. Nikiandika kitu, kimepimwa."

"Nisomee Jumanne jioni."

Alifungua bila kutafuta. "Saa kumi na moja na dakika hamsini, sauti za ugomvi. Fundi na marehemu. Saa kumi na mbili kamili, mtu anaruka ukuta wa kaskazini. Fundi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, kasuku wamerudi. Idadi mia mbili na kumi na nne. Kelele dakika arobaini na tano."

"Hebu tena, tafadhali."

Alisoma tena, safari hii akiinua sauti.

"Na hizo kelele zilikuwa kama siku zote?"

"Zilizidi. Ugomvi uliwavuruga."

"Hebu nieleze tena kuanzia hapo waliporudi. Ulikuwa umekaa hapa?"

"Nilikuwa hapa, kwenye kiti hiki. Walitua wote kwa mpigo, wakapiga kelele mpaka nikaziba masikio. Wengine walitua hapa kwenye chuma cha roshani. Mke wangu alilia ndani kwa ajili yao. Umeridhika?"

Sajini aliangalia viatu vyake. Uongo wa mara ya kwanza huwa mwembamba. Wa mara ya tatu ulikuwa umenenepa na kuvaa koti. Inspekta alifunua ukurasa uliofuata. Jumatano jioni: Hawakuja. Sababu: msongamano wa polisi. Alhamisi: Hawakuja.

"Ningependa kumsalimia mama," alisema.

"Mke wangu amelala kitandani mwaka wa tatu. Haongei na polisi."

"Basi nitaongea mimi."

Mwenyekiti aliziba mlango kwa mwili wake. Sajini, ambaye kwa mambo mengi alikuwa mzembe lakini kwa unene hakuwa na mpinzani, alisogea akasimama kifua kwa kifua naye. Mlango ukapatikana.

Chumba kilikuwa safi, na kitanda kimesogezwa dirishani. Nje ya dirisha hapakuwa na kitu kingine ila mkaratusi, nusu yake ya juu tu, ya chini ikifichwa na ukingo wa dirisha. Ukitazama kutoka chini, uani kwa jirani, hukuona kwamba umeinama. Ukitazama kutoka kitandani kwa mama yule, shina lilikujia usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepanda mtini kwa soksi?" Sauti ilikuwa dhaifu, lakini macho yalikuwa hai. "Nimekuona. Uliniondolea uchovu."

"Mama, nieleze juu ya ndege. Wanakusumbua sana?"

"Nani, mimi? Hiyo ndiyo saa yangu. Mchana mzima naangalia dari, jioni wanakuja, wanagombania matawi kama wake wenza. Nawajua wengine kwa sura." Alitazama mlango. "Yeye anaandika kelele. Miaka sita hajaniuliza kama nazichukia."

"Jumanne walikuja?"

"Jumanne ndiyo siku ya kwanza hawakuja. Walizunguka mara mbili juu ya mti, wakaenda zao. Nikalia kweli, nakwambia ukweli. Nikamwita mume wangu aniambie kuna nini. Nikamwita, nikamwita. Hakuwemo nyumbani. Alikuja giza likiingia, akaoga, na si kawaida yake kuoga jioni."

Inspekta hakusema "hebu tena." Alimfunika mama yule shuka lililoteremka, akatoka.

Mwenyekiti alikuwa bado roshani, amesimama, mkono juu ya daftari kama mtu anayelilinda lisipeperuke. Inspekta alikikalia kile kiti kimoja.

"Jumanne ndege hawakuja," alisema.

"Mke wangu anachanganyikiwa. Dawa zile."

"Na turubai nalo linameza dawa? Ndege mia mbili na kumi na nne walilala juu yake, asubuhi liko safi. Kaa ukijua nina picha. Hukuwa kwenye kiti hiki, mzee. Uliingia umechelewa, ukaandika kile unachoandika kila siku, kwa sababu daftari likiwa na pengo utaulizwa ulikuwa wapi. Hukusikiliza hata kama kuna kelele."

"Nilikuwa hapa."

"Miaka sita unalalamika hupati kimya. Siku kimya kimekuja hukukisikia."

Taya la Mwenyekiti lilicheza. Alimtazama Sajini, akautazama mti, na alipoongea sauti haikuwa tena ya ofisini.

"Alikuwa anaongeza mengine," alisema. "Masanduku ya viota. Nimemwona kutoka hapa, yuko juu ya ngazi, anafunga vitu kwenye matawi. Wiki ile ile kamati imepitisha mti ukatwe, yeye anaongeza. Nilipita mlango wa uani. Nikamwambia shuka. Akaniambia, jirani, subiri nimalize. Subiri. Mimi, wa kuambiwa subiri." Alipiga daftari kwa kiganja. "Sikutaka afe. Niliivuta ngazi ili ashuke. Mwandike hivyo hivyo, nilitaka ashuke."

"Na Fundi Miti kuruka ukuta?"

"Yule alishasema angemuua. Angemuua tu, leo au kesho."

Sajini alikuwa anaandika haraka, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Inspekta alitoa kanda kutoka mfuko wa koti, akailaza juu ya ukurasa wa Jumanne.

"Hiki ndicho alichokuwa anafunga."

"Ni nini?"

"Ni cha kufukuzia ndege. Wakata miti hukifunga siku moja kabla ya kazi. Mti ulikuwa ukatwe Jumatano saa moja asubuhi, kwa amri yake mwenyewe. Alikuwa amebakiza tawi moja."

"Uongo," Mwenyekiti alisema. "Hawezi. Miaka sita alinicheka usoni. Kwa nini akubali?"

"Fundi aliugonga, ukalia mtupu. Umeoza, mzee. Wewe ni mpima, hebu pima. Ukianguka utaangukia wapi?"

Hakuhitaji darubini. Macho yake yalipanda shina, yakafuata mwinamo wake hewani, yakatua juu ya bati la chumba cha mkewe, hatua tatu nyuma yake. Akabaki amesimama hivyo. Sajini alipomfunga pingu hakuyashusha macho, na mikono aliitoa kama inayoombwa na mtu mwingine.

Inspekta alipiga simu kituoni saa nane na nusu. Mkuu wa Kituo alimfokea dakika mbili nzima, kisha akauliza jina la Mwenyekiti linaandikwaje.

Fundi Miti alitolewa saa tisa kasoro dakika kumi, karandinga likiwa limeshawashwa. Alitia sahihi, akahesabu vitu vyake, akafunga mkanda. Hakumshukuru mtu.

"Umeachiwa," Inspekta alisema. "Nina ombi."

"Ninyi? Ombi?"

"Ule mti. Yule mama hajiwezi, chumba chake kiko chini yake, na nimeukanyaga mwenyewe leo. Unatikisika."

"Mama gani?"

"Mke wa Mwenyekiti."

Fundi Miti alimkazia macho. "Mke wa yule aliyeapa kwamba aliniona naruka ukuta. Siku mbili nimelala kwenye saruji kwa ajili ya ulimi wake. Mwanangu ameambiwa shuleni baba yako muuaji. Niende nikamkatie mti?"

"Ndiyo."

"Nani atanilipa?"

"Sijui."

"Nani ataniomba radhi?"

Inspekta alimwangalia Sajini. Sajini aliangalia ukuta. Karandinga lilitoka getini na watu wengine ndani yake.

"Upepo huanza saa kumi na moja," Fundi Miti alisema mwishowe, kwa sauti ile ile ya chuki. "Nipeni msumeno wangu. Na mtu amhamishie yule mama chumba cha mbele sasa hivi, msisubiri nifike."